Aliyekuwa Akimjibia Ghadeer

"Mjukuu wangu mie," alisema Bi Mahfoudha Jumatano moja asubuhi, kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa wauza nguo, "hata umkanyage kidole hasemi kitu. Hiyo ndiyo adabu! Wenu nyinyi wanapiga kelele kama mashine ya kisima. Nileteeni hapa mtoto mwengine mtulivu kama huyu, na mie nitarudi kwangu kichwa wazi."

Hakuletwa mtoto, na Bi Mahfoudha akarudi kwake na buibui lake.

Soko la Jumatano la Ibra, huku Oman, ni la wanawake peke yao. Siku hiyo mwanamme hana ruhusa hata ya kuchungulia. Akimleta mkewe humshusha nje, akakaa garini akisubiri kama dereva wa kukodi. Ndani wanawake wanauza ubani, wanja, vitambaa, na khabari za watu, na bidhaa hiyo ya mwisho haifiki adhuhuri. Ukitaka jambo lako lijulikane mkoa mzima wa Sharqiya mpaka Sur, huna haja ya gazeti. Unalisema Jumatano, mara moja, karibu na muuza ubani.

Bi Mahfoudha alikuwa akiuza kofia. Za mkono, za vitundu, kila kitundu kimezungushiwa uzi mpaka kikakaza. Kazi hiyo aliifunzwa Unguja, mtaa wa Malindi, na shangazi yake, kabla ya kuja Oman miaka ya sabini na sanduku moja na mume mmoja. Sanduku bado lipo. Mume alifariki, akamwachia mtoto wa pekee, Mahrous, ambaye sasa alikuwa karani wa baladiya, ofisi ya mji, na mtu wa kuogopa maneno ya watu. Macho ya Bi Mahfoudha yalikuwa yamechoka, mgongo umechoka, na magoti hayakutaka hata kutajwa. Kitu pekee mwilini mwake ambacho hakijachoka kilikuwa ulimi.

Ghadeer alikuwa binti wa Mahrous, na miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili alikuwa ndiyo kwanza anaingia skuli. Mama yake, Hala, ambaye watu wake walitokea Bujumbura, alikuwa akifanya kazi benki na kuondoka asubuhi chai yake bado inatoa moshi. Kwa hiyo mtoto alikuwa wa Bibi. Nyumbani, Ghadeer alikuwa redio iliyovunjika kitufe cha kuzimia. Alisimulia ndoto, akaiga watu, akabishana na paka, akamuuliza Bibi kama samaki wana haya. Akivuka mlango wa nje tu, kimya. Hata "la" hakuwa nayo.

"Hujambo mwanangu?" watu wakimuuliza njiani.

Ghadeer anatazama ndara zake.

"Hajambo, alhamdulillahi," anajibu Bibi.

"Unaitwa nani?"

"Ghadeer huyu, wa Mahrous."

"Unapenda skuli?"

"Mno! Haamshwi na mtu asubuhi."

Watu wakipendezwa. Katika nyumba zile, mtoto wa kike anayewajibu wakubwa upesi huitwa mjuvi, na anayetazama ndara huitwa mwenye malezi. Basi Bi Mahfoudha akajichumia sifa za malezi kwa kila swali ambalo mtoto hakulijibu, na hakuna aliyejiuliza kwa nini adabu hii inafika hadi ya mtoto kushindwa kumwambia muuza ice cream anataka ya rangi gani. Bibi alimchagulia. Ya waridi, siku zote. Mtoto alikuwa akipenda ya kijani.

Kabla mwaka wa skuli haujafika nusu, mwalimu alimwita Hala. Alimwambia, bila ya ukali, kwamba tangu skuli ifunguliwe hajapata kuisikia sauti ya mtoto yule. Hasomi kwa sauti, hasemi na wenzake, na haombi ruhusa ya kwenda chooni. Anajibana mpaka kengele ya mwisho. Mtihani wa kusoma ni wa kinywa. Kama mwaka utamalizika mtoto hajafungua mdomo mbele ya mtu, hatapanda darasa, na skuli itamtafutia pahala pengine, penye watoto wasioweza.

Jioni Hala aliyaleta maneno hayo nyumbani yote, pamoja na lile la mwisho.

"Mama, mwalimu anasema tumpeleke kwa spesholisti."

"Spesholisti wa nini? Mtoto ana ulimi mrefu kuliko wangu! Jana kanisimulia ndoto moja mpaka wali ukaungua."

"Nyumbani, Mama. Skuli hasemi."

"Ukaidi tu," alisema Mahrous, macho kwenye televisheni. "Na kwa daktari wa wendawazimu binti yangu haendi. Kesho na keshokutwa nani atamposa?"

"Ana miaka saba, Mahrous."

"Watu wanakumbuka."

Bi Mahfoudha hakutia neno, na katika nyumba ile jambo hilo peke yake lilitosha kuwatisha. Alikuwa anakumbuka jinsi kila siku mtoto wa mwanawe alivyokuwa akija nyumbani kutoka skuli mbio, mkoba mgongoni, mpaka chooni. Yeye akidhani ni maji mengi. Halafu akaikumbuka Jumatano ile. Hata umkanyage kidole hasemi kitu. Alilisema mwenyewe, mbele ya mamia ya macho, bila hata ya mashallah. Ni nani angeliweza kumpiga mtoto yule jicho zaidi ya bibi yake mwenyewe, aliyemweka juu ya meza kama kofia na kuita wateja?

Hapo akafanya kosa ambalo mtu asiyekulia katika jicho na husda asingeliweza kulifanya hata kwa kufunzwa. Alichokisifia hadharani, aliamua kukikashifu hadharani, mpaka jicho lichoke lende zake.

Meza ya jirani yake sokoni ilikuwa ya Shaikha, mzaliwa wa Pemba, mwanamke mnene mwenye kicheko chembamba. Naye aliuza kofia, lakini za mashine, zilizotoka ng'ambo kwa makontena, na tangu asubuhi mpaka jua kali wimbo wake ulikuwa mmoja: "Rial tatu! Rial tatu! Njooni, rial tatu!"

"Nimekuja na kibwengo wangu," alisema Bi Mahfoudha Jumatano iliyofuata, akimketisha Ghadeer juu ya kasha la mbao.

"Alaa! Juzi si alikuwa malaika?"

"Malaika wa wapi? Hebu mtazame. Kichwa kama mtungi, akili sifuri, anakula kama ndama. Mtu nikimpa bure atanirudishia jioni."

Shaikha alielewa palepale. Alitema mate ya uongo pembeni na kumsaidia. "Kweli shoga, si kizuri. Na pua hiyo!"

"Masikio je?" alidakia muuza ubani. "Upepo ukivuma ataruka."

Ilikuwa huruma tupu. Kila mwanamke pale aliijua dawa hiyo, na kila mmoja alichangia kijiko chake, Jumatano baada ya Jumatano, kwa moyo safi kabisa. Hakuna aliyemweleza mgonjwa. Mgonjwa alikaa juu ya kasha akimtungia Bibi uzi katika sindano, kwa sababu macho ya Bibi yalikuwa hayaoni tena tundu, na kila sindano aliyoimaliza aliichomeka kwenye kitambaa, sawasawa, karibu na nyenziwe.

Redio ya nyumbani ikaanza kupungua sauti. Kwanza ndoto zikaisha. Halafu paka akaachiwa mabishano yake. Alasiri moja, wako wawili sebuleni, kofia mapajani mwa Bibi, Ghadeer akauliza bila kuinua kichwa:

"Bibi, mie kibwengo?"

Bi Mahfoudha akacheka. "Ee, pumbavu we! Ile dawa."

"Dawa ya nani?"

Bi Mahfoudha alikuwa na jibu kwa kila mtu toka Ibra mpaka Malindi. Hapo akatafuta sindano. Akasema, "Nitungie uzi mwengine, mama." Mtoto akatunga, na siku ile hakuuliza kitu tena, wala ya pili yake.

Mahrous naye akaleta dawa yake. Kazini walimwambia kuna mzee upande wa Al Mintirib, kule mchanga unapoanza, anayechoma watoto kwa chuma cha moto nyuma ya shingo. Wanasema amewafungua ndimi wengi. Hala alilia, akasema yeye hamo. Bi Mahfoudha akapanda gari, kwa sababu alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukubali kila kitu ambacho kina mwisho.

Mzee hakuwa mtu mbaya. Aliwakaribisha kahawa na tende, akawauliza wa ukoo gani, akautia msumari wake mrefu kwenye makaa. Ghadeer alikuwa amekaa mapajani mwa Bibi, mgongo kwa mzee. Alikwisha ona makaa. Msumari ulipotoka mwekundu, Bi Mahfoudha alimkamata mabega na kusubiri ukelele. Kwa kweli aliutamani. Mtoto akipiga ukelele mbele ya mtu mgeni, si ndiyo sauti hiyo? Ingelikuwa shauri limekwisha, hata kuchomwa kusingelikuwa na haja.

Ukelele haukuja. Mdomo wa Ghadeer ulifunguka wote, mishipa ya shingo ikasimama, na ndani hakukutoka kitu. Kilichotoka kilikuwa maji ya moto, yakapita nguo ya mtoto, yakapita kanga ya Bibi, mpaka kwenye mkeka wa wenyewe.

"Ondoa chuma chako, baba," alisema Bi Mahfoudha.

"Bado sijamgusa."

"Ondoa, nimekwambia! Mtoto anayekufa kwa khofu na hawezi kulia, huyo hana ukaidi. Mahrous, washa gari."

"Mama, tumekuja mwendo wote huu..."

"Washa gari, au nitaondoka kwa miguu, watu wapate la kusema."

Njiani alivua buibui lake mwenyewe, akamfunika nalo mtoto. Basi kichwa wazi alirudi, au karibu yake, kwa mtandio tu, ingawa si kwa sababu ile aliyoitaja sokoni.

Wiki ileile Hala aliomba ruhusa benki, na safari hii Mahrous hakupinga, akawasha gari. Walikwenda Nizwa, kwa daktari wa watoto, wa mambo ya nafsi. Njia ilikuwa ndefu. Walipita Fanja, wakasimama kula mishikaki ambayo haikuwa na ladha, wakaendelea. Bi Mahfoudha aliomba dua njia nzima kwamba wasikutane na mtu wanayemjua. Katika chumba cha kusubiria wakakutana na wawili.

Daktari alikuwa binti mdogo aitwaye Aseel, mwenye kalamu za rangi mfukoni. Kazaliwa Oman, Kiswahili kakipata kwa bibi yake, na ngeli zake zilikuwa zikigongana. Lakini alianza na shikamoo, na Bi Mahfoudha akamsamehe yaliyobaki.

Alikaa chini sakafuni, akamsogezea Ghadeer karatasi.

"Jina lako nani, mpenzi?"

"Ghadeer," alisema Bi Mahfoudha.

"Unapenda rangi gani?"

"Waridi," alisema Bi Mahfoudha.

Ghadeer akachukua kalamu ya kijani. Daktari akaitazama kalamu, akamtazama Bi Mahfoudha, na hakuandika kitu.

"Una kiu, Ghadeer? Nikupe maji?"

"Kanywa garini," alisema Bi Mahfoudha, na chupa ya maji ya Tanuf aliyokwisha kuinyoosha daktari ikabaki hewani.

"Bibi," alisema Aseel polepole, "nani anamjibia Ghadeer?"

Mahrous akatazama dari. Hala akatazama mikono yake. Ghadeer aliweka kalamu chini, akainua kidole, akamwonyesha bibi yake. Hakumwonyesha kwa ubaya. Alimwonyesha kama unavyomwonyesha mgeni choo kiko wapi.

"Kitu hii si ukaidi," alisema daktari, "wala si adabu. Ni khofu. Anataka kusema, koo inafunga. Wewe unamwona anaumia, unamjibia, anapumua. Wewe pia unapumua. Na kila mara anajifunza kwamba bila Bibi hawezi."

"Mie namsaidia!"

"Najua. Ndiyo maana inakuwa ngumu kuacha." Akasita. "Nyumbani anasema?"

"Alikuwa anasema," alijibu Hala. "Siku hizi kidogo sana. Tangu... Mama, mwambie."

Bi Mahfoudha akamwambia. Alianzia majisifu, akaenda kwenye jicho, akafika kwenye kibwengo na ndama na masikio ya kuruka na upepo. Alipoyasema sokoni yalikuwa yanachekesha. Mle ndani hakuna aliyecheka, hata yeye aliyezoea kujichekea akikosa mtu.

"Yeye ana miaka saba," alisema Aseel. "Jicho halijui. Dawa haijui. Anajua Bibi yake kasema."

Alipewa masharti, na kila sharti lilikuwa la kumfunga mdomo. Asimsifu mbele za watu wala asimkashifu. Mtu akimuuliza mtoto kitu, Bibi anyamaze, asubiri mpaka aone aibu, kisha asubiri tena. Asiposema, mambo yapite, hakuna kugombwa. Akisema, lolote atakalosema lichukuliwe kama lilivyo: hakuna kumsahihisha, hakuna vigelegele, hakuna kumwambia umeona sasa. Mwalimu wa skuli atakubali kwanza kanda, mtoto asome nyumbani na ipelekwe darasani. Lakini kabla mwaka haujafungwa lazima asikike kwa mdomo wake na mtu wa nje, hata kwa neno moja, kisha mawili. Mahali gani amezoea, penye watu wasio wa nyumbani?

"Sokoni," alisema Hala.

"Basi aanze sokoni. Bibi ampe kazi moja ndogo. Aseme bei."

"Bei?" Bi Mahfoudha alishtuka kuliko alivyoshtuka kwa msumari wa moto. "Binti yangu, bei ndiyo mazungumzo yangu yote!"

Zikafuata Jumatano za mateso. Mteja anakuja, anaishika kofia, anauliza, "Kiasi gani hii?" Bi Mahfoudha anamtazama Ghadeer. Ghadeer anatazama ndara. Mteja anawatazama wote wawili kama watu waliopotelewa. Bi Mahfoudha alikuwa akibana meno mpaka taya zinauma, akizikunja kanga zake kwa vidole chini ya meza, na mteja anaondoka zake kwa Shaikha.

"Rial tatu! Rial tatu!" aliimba Shaikha, akipokea. Halafu, mteja akishapita: "Bi Mahfoudha wee, umefanya nadhiri? Umeng'oa meno?"

"Sharti la daktari."

"Daktari gani anayemkataza mtu kuuza?"

"Anayefundisha."

"Na wewe umefunzika?"

"Nachoka tu, Shaikha. Sijui kama nafunzika."

Na kweli alichoka. Kunyamaza kulimchosha kuliko kushona. Jioni alikuwa akirudi nyumbani na mzigo uleule aliokwenda nao, akilala kabla ya kula. Lakini sokoni hakuna tena aliyetaja ndama. Yeye mwenyewe alimwendea kila mmoja, muuza ubani na wengine, akawaomba waache, na mmoja alipomuuliza kama jicho limeondoka, alijibu kwamba jicho halikuwapo, alikuwapo yeye. Nyumbani, paka alianza tena kubishiwa. Ghadeer alisoma ukurasa mzima katika kanda, kwa sauti ya Hala, kisha kwa sauti ya Shaikha, kisha kwa sauti yake. Mwalimu aliisikiliza, akatuma salamu. Ila mwaka ulikuwa unamalizika, na mdomoni mwa mtoto, mbele ya mtu, bado hamjatoka neno.

Kofia iliyokuwa mezani Jumatano ya mwisho kabla ya mitihani ilikuwa ile aliyoianza baada ya Ramadhani. Nyeupe kwa uzi wa rangi ya dhahabu, imeshonwa na macho ambayo huenda hayatashona nyengine ya namna ile. Watu walikwisha kumwambia Maskati inakwenda rial thelathini. Yeye alikuwa amekusudia ishirini na tano, na asiteremke.

Akaja mwanamke kutoka Sur, mgeni, mwenye haraka. Kaka yake anaoa. Aliiinua kofia, akaigeuza kwenye jua, akapitisha kidole juu ya vitundu.

"Hii nzuri. Kiasi gani?"

Bi Mahfoudha akamtazama Ghadeer. Ghadeer akatazama ndara.

Wakasubiri. Yule mwanamke alimwangalia Bi Mahfoudha, akaangalia saa yake, akairudisha kofia mezani. Bi Mahfoudha alilibana neno nyuma ya meno, akaona aibu kama alivyoambiwa, kisha akasubiri tena. Jirani yao Shaikha, ambaye hakuwa ameona kinachoendelea, alipaza sauti yake ya siku zote kwa watu waliokuwa wakipita.

"Tatu," alisema Ghadeer.

Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama mlango usiotiwa mafuta. Mgeni aliinama. "Nini, mama?"

Shingo ya mtoto ilisimama mishipa, kama kule kwenye makaa. Lakini safari hii kilichotoka kilikuwa maneno.

"Rial tatu."

Shaikha aliachia mdomo wazi. Mgeni aliishika kofia tena, upesi, kama mtu anayeogopa itaruka, kisha akamgeukia mkubwa. "Kweli hiyo, Bibi? Tatu?"

Bi Mahfoudha aliiangalia kofia yake. Akayaangalia macho ya Ghadeer, ambayo kwa mara ya kwanza hayakuwa kwenye ndara. Yalikuwa kwenye uso wake yeye, yakingoja kujua kama alichosema ni kitu au si kitu.

"Muulize yeye," alisema. "Mie nashona tu."

Mgeni hakuuliza mara ya pili. Ghadeer alimfungia kwenye gazeti, akampa kwa mkono wa kulia.

Kofia iliuzwa rial tatu.